Kiatu cha Mtoto Nacho ni Siasa

Makamanda, najua mlitegemea wiki hii niandike habari ya Katiba Mpya au Tume Huru ya Uchaguzi. Nitarudi huko, msiwe na wasiwasi. Ila leo nawaomba mnivumilie kidogo, maana nataka kuzungumzia kidole gumba cha binti yangu.

Ilikuwa Januari, wiki ya pili tangu shule zifunguliwe. Januari mnaijua wenyewe, ule mwezi wenye siku tisini. Binti yangu yuko darasa la pili. Akarudi jioni anachechemea, akavua viatu mlangoni, akakaa kimya. Nikamwambia lete mguu nione. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umegeuka mweusi, na kisigino kina lengelenge lililopasuka. Nikamuuliza kwa nini hukusema. Akanijibu, "Mama, si nilisema? Ukasema nivumilie mpaka mwisho wa mwezi."

Alikuwa amesema kweli. Nilimwambia vile mwezi Desemba, nikarudia tena shule zilipofungua. Mimi, ambaye nasimama kwenye vikao vya kata nikipaza sauti kuhusu haki za wanyonge, nyumbani kwangu nilikuwa namwambia mtoto wa miaka saba avumilie kiatu kinachombana kwa sababu mama hana hela.

Usiku ule nilichukua ujiti wa chelewa kutoka kwenye ufagio, nikauingiza ndani ya kiatu mpaka ukagusa mbele, nikaukata usawa wa kisigino. Sentimita kumi na tisa na nusu. Nikamsimamisha mtoto juu ya karatasi, nikachora mguu wake. Sentimita ishirini. Ina maana kila siku nilikuwa nauingiza mguu wa sentimita ishirini kwenye kiatu cha kumi na tisa na nusu, halafu namwambia akimbie asichelewe namba.

Nilivyozunguka mjini

Kesho yake nikaingia mjini. Mimi ni mtu wa Morogoro, na naomba mkumbuke jina la mji huu, maana tutalihitaji mbele. Nikaanza na maduka ya viatu vipya. Kiatu cheusi cha shule kilichoandikwa ngozi, ambacho ukikisogeza puani kinanuka plastiki, ni elfu ishirini na tano. Kuna cha elfu kumi na mbili, ila ukikikunja kinabaki na mkunjo kama karatasi, na muuzaji mwenyewe ananikonyeza, "Dada, hicho sikudanganyi, miezi mitatu." Chenye soli iliyoshonwa kabisa nikaambiwa elfu thelathini na tano, mwisho thelathini na mbili.

Nikaenda mnadani kwenye mitumba. Hapo ndo ilipo ngozi ya kweli. Kiatu cha elfu kumi cha mtumba ukikishika unajua umeshika kiatu. Tatizo ni kwamba mtumba huuchagui, unakuchagua wewe. Unakuta kiatu kizuri sana cha namba 29, na mtoto wako anavaa 32. Unakuta cha 32, lakini ni cha kahawia, na shule wanataka cheusi. Unakipata cheusi cha 32, ukikigeuza soli imelika upande mmoja, kwa sababu yule mtoto wa Ulaya aliyekivaa kwanza alikuwa anakanyagia ndani. Ukimvalisha mwanao, mguu wake utafuata njia ya mwenzie.

Mwisho nikamwendea fundi viatu wetu wa mtaani, mzee ambaye ameshona viatu tangu mimi sijazaliwa. Akapima mguu, akanitajia elfu thelathini na nane. Nikashtuka. Nikamwambia, mzee wangu, wewe si ndo wa hapa hapa, mbona unawazidi hata wa dukani? Akacheka, akanionyesha vifaa vyake kimoja kimoja. Soli imetoka nje, gundi imetoka nje, bitana imetoka nje, na hiyo ngozi nyeusi laini, ngozi ya ng'ombe, nayo imetoka nje. Akaniambia, "Mwanangu, mimi cha hapa nilichonacho ni mikono tu."

Maneno ya yule mzee yamenikaa kichwani mpaka leo.

Kwanza, tusaidiane wenyewe

Kabla sijaingia kwenye siasa, wale mlio na watoto, wadogo zenu au watoto wa dada zenu, chukueni haya. Niliyajifunza kwa kuchelewa.

Pima mguu jioni, si asubuhi, kwa sababu mguu unavimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Mtoto asimame na uzito wake wote, asiwe amekaa. Pima miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwenzie, na kiatu kinunuliwe kwa kufuata ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, iwe ni gumba au cha pili, kuwe na nafasi kama upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Nyuma kisigino kisipwaye. Kiatu kikunjike pale vidole vinapokunjikia, si katikati kama daftari.

Kwa namba za Ulaya, ambazo ndizo tunazozikuta sana mnadani, hesabu ni rahisi: chukua urefu wa mguu kwa sentimita, ongeza moja na nusu ya nafasi, halafu zidisha kwa moja na nusu. Mguu wa sentimita 20 unakuwa 21.5, mara 1.5, unapata kama 32. Lakini namba za viatu ni kama ahadi za kampeni, kila mtu anaandika yake. Kwa hiyo tembea na ule ujiti wako wa chelewa uliokatwa kwa urefu wa mguu na nafasi yake. Ukiingia ndani ya kiatu bila kupinda, mjaribishe mtoto. Ukipinda, rudisha kiatu, hata kama muuzaji anaapa.

Na ile tabia yetu ya kununua kiatu kikubwa namba mbili au tatu "atakua navyo", naielewa, nimeifanya. Ila kiatu kinachopwaya nacho kinaumiza. Mtoto anakunja vidole kukishikilia, anajikwaa, kisigino kinasuguliwa. Namba moja mbele inatosha. Mguu wa mtoto mdogo sehemu yake kubwa bado ni gegedu, haujawa mfupa mgumu, ndo maana unaweza kubanwa na mtoto asilalamike sana mpaka madhara yameshatokea. Usimsubiri alalamike. Kila baada ya miezi mitatu au minne, pima.

Mtu atasema, sisi tulikua peku na hatukufa. Kweli, wengi hatukufa. Ila tuliokulia vijijini tunaijua funza, tunaijua safura inayoingilia kwenye nyayo, tunaujua msumari wenye kutu. Mtoto kutembea peku nyumbani kwenye sakafu safi hakuna shida, tena mguu unapata nguvu. Peku kilomita tatu za barabara ya vumbi na chupa zilizovunjika ni habari nyingine.

Nilichekwa kikaoni

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niandike. Kwenye kikao chetu cha vijana nilisimama nikapendekeza suala la viatu na sare za shule liingie kwenye ajenda za kata yetu. Ukumbi ukacheka. Mwenzetu mmoja, kamanda ninayemheshimu sana, akasema, "Dada, sisi tunataka kuchukua dola, wewe unataka kufungua duka la viatu?" Nikacheka na mimi, nikakaa.

Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, na hoja yangu ni kwamba kiatu cha mtoto ni siasa kuanzia kwenye soli mpaka kwenye gidamu.

Tuanze na elimu bila malipo. Tangu Januari 2016 serikali imefuta ada kwa shule za msingi na kidato cha kwanza mpaka cha nne, na baadaye ikaongeza cha tano na sita. Ni jambo jema, na sisi wapinzani tusione aibu kusema jambo jema ni jema. Watoto waliojitokeza kuandikishwa walikuwa wengi. Lakini nyaraka hizo hizo za serikali zinasema sare ni jukumu la mzazi. Kwa hiyo ada imeondoka mlangoni, gharama imeingilia dirishani ikiwa imevaa viatu vyeusi. Jirani yangu ana watoto wanne wanaosoma. Kwake yeye, jozi nne za elfu ishirini na tano ni laki moja, kwa mtu anayeuza maandazi. Mmoja wa wanae alirudishwa nyumbani kwa sababu alikwenda na kandambili. Siitaji shule, na wala simlaumu mwalimu peke yake, maana naye anafuata utaratibu aliopewa. Nauliza tu: mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya kandambili, elimu yake siku ile ilikuwa bila malipo au ilikuwa haipo?

Tuje kwenye kodi. Bidhaa iliyokamilika ikitoka nje ya Afrika Mashariki inakutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25 au zaidi, halafu juu yake VAT ya asilimia 18. Fanya hesabu. Kiatu kilichofika bandarini na thamani ya shilingi elfu kumi, ukiweka ushuru wa asilimia 25 kinakuwa 12,500. VAT haitozwi kwenye ile elfu kumi, inatozwa kwenye hiyo 12,500, yaani kodi inatozwa juu ya kodi. Inaongezeka 2,250, tunafika 14,750, na hapo sijataja tozo nyingine ndogondogo, usafiri, kodi ya pango la duka na faida ya muuzaji. Wakati huo huo yule fundi wangu, soli na gundi anazonunua zimeshapitia njia hiyo hiyo. Mitumba nayo ina kiwango chake cha pamoja cha Afrika Mashariki: asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo, kinachangaliwa kipi ni kikubwa.

Mji uliokuwa na kiwanda cha viatu

Mtu wa serikali akikusikia atakujibu haraka: ushuru ule ni wa kulinda viwanda vya ndani. Vizuri. Niliwaomba mkumbuke jina la mji wangu.

Miaka ya 1970 hapa Morogoro kilijengwa kiwanda kikubwa cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mpango ulikuwa kwamba sehemu kubwa ya viatu vyake iuzwe Ulaya. Mashine zilikuja za kisasa. Jengo likajengwa kwa namna isiyofaa joto la Morogoro, kuta za mabati ya alumini bila mfumo wa kuingiza hewa. Mashine zikaharibika, vipuri vikakosekana. Kiwanda kile hakijawahi kuzidi hata asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Leo wachumi wa dunia wanakitaja kwenye vitabu kama mfano wa namna ya kutupa hela za maskini. Kwetu ule mkopo uliingia kwenye deni la taifa, na mtoto wa Morogoro hakuvaa kiatu cha Ulaya wala cha Morogoro.

Hatukuwa watupu. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua hisa nyingi za kampuni ya Bata, na wazee wetu wanakumbuka viatu vya Bora. Tulikuwa na viwanda vya umma vya kusindika ngozi Moshi, Mwanza na hapa hapa Morogoro. Vikaendeshwa vibaya, vikabinafsishwa, na kwa sehemu kubwa vikafa. Na leo Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, ni miongoni mwa nchi zenye mifugo mingi zaidi Afrika. Nenda machinjioni uulize bei ya ngozi. Utaambiwa haina soko, nyingine zinafukiwa. Ng'ombe amepigwa chapa ubavuni mpaka ngozi imeungua, mchunaji kaitoboa kwa kisu, chumvi ya kuihifadhi hakuna. Halafu fundi wangu aliye mwendo wa bodaboda kutoka machinjioni ananunua ngozi iliyotoka ng'ambo.

Nikiwa mkweli, kuna juhudi. Kiwanda cha Karanga kule Moshi, cha ubia wa Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii, kinatengeneza viatu, vikiwemo vya shule. Sikibezi. Ila nchi yenye mamilioni ya wanafunzi haiwezi kuegemea kiwanda kimoja na kusema imemaliza. Ukilinda kiwanda ambacho hakitoshi, unachokifanya ni kumtoza mzazi kwa ajili ya kiwanda ambacho hajakiona.

Ndo maana sikubaliani na baadhi ya makamanda wenzangu wanaosema tupige marufuku mitumba kesho asubuhi. Tulishawahi kuona sinema hiyo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kutuondoa kwenye mpango wa AGOA. Kenya, Uganda na sisi tukarudi nyuma. Rwanda ikasimama na msimamo wake, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo bila ushuru. Unaweza kuisifu Rwanda kwa uthabiti, na mimi nauheshimu. Ila kwa mama mwenye watoto wanne swali linabaki lile lile: ukiniondolea kiatu cha elfu kumi, unanipa kipi mkononi? Kitangulie kiatu, ndipo ifuate marufuku.

Serikali iliyoangushwa na kiatu

Sasa namgeukia yule kamanda aliyenicheka. Kamanda, umewahi kusikia serikali iliyoanguka kwa sababu ya viatu vya watoto?

Ni Ireland, Januari 1982. Waziri Mkuu alikuwa Garret FitzGerald, msomi wa uchumi, mtu mwenye heshima zake. Serikali yake ilikuwa ya muungano na haikuwa na wingi wa kutosha bungeni. Ikapeleka bajeti ngumu, na ndani yake VAT ya asilimia 18 kwenye nguo na viatu, vikiwemo vya watoto. Asilimia kumi na nane, kamanda, namba ile ile ya kwetu. Wabunge huru waliokuwa wanaishikilia serikali ile wakaomba viatu vya watoto visiguswe. Maelezo yaliyokuja kuwa maarufu kutoka upande wa serikali ni kwamba wakisamehe viatu vya watoto, wanawake wenye miguu midogo watavinunua na kukwepa kodi! Mbunge mmoja huru, Jim Kemmy, mtu wa wafanyakazi kutoka Limerick, akapiga kura ya kukataa. Bajeti ikaanguka kwa kura 82 dhidi ya 81. Bunge likavunjwa, uchaguzi ukafanyika Februari, na FitzGerald akatoka madarakani. Mpaka leo viatu vya watoto Ireland vina VAT ya asilimia sifuri. Uingereza nayo imekuwa hivyo tangu VAT ilipoanza kule mwaka 1973.

Kwa hiyo tunaposema tunataka kuchukua dola, tukumbuke dola inaweza kuchukuliwa au kupotezwa kwenye kiatu. Wananchi hawatatupima kwa ukali wa hotuba. Watatupima kama tunaijua Januari yao.

Tunachotakiwa kudai

Kwanza, VAT ya kiwango sifuri kwa viatu vya shule vya watoto vinavyotengenezwa nchini, na kwa soli, gundi na ngozi anazonunua fundi kuvitengenezea. Nasema kiwango sifuri, sisemi msamaha, na tofauti yake ni kubwa. Ukipewa msamaha, mtengenezaji hatozi VAT lakini hawezi kudai ile aliyolipa kwenye malighafi, kwa hiyo inabaki imejificha ndani ya bei. Kwenye kiwango sifuri anairudishiwa. Wasituambie haiwezekani: serikali hii hii kwa muda iliweka kiwango sifuri kwa nguo zinazotengenezwa hapa kwa pamba ya hapa. Kilichowezekana kwa pamba kinashindikanaje kwa ngozi?

Hapa nijibu pingamizi moja ambalo ni zito. Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, na mwaka 2019 ikairudisha ikisema wafanyabiashara hawakushusha bei, faida wameila wao. Ni kweli hatari hiyo ipo. Kodi ikiondoka, hakuna malaika anayeshuka kubadilisha bei dukani. Lakini somo la taulo za kike sio kwamba kodi isiguswe. Somo ni kwamba ukiondoa kodi bila kufuatilia bei, bila kuongeza wazalishaji, halafu ukaipa mwaka mmoja tu, unakuwa umejiandalia kushindwa. Ndo maana dai la kwanza haliwezi kutembea bila la pili.

Pili, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Tunadai vikundi vya mafundi viatu vipewe kipaumbele, na wapewe pia soko. Kijana ukimpa mkopo wa cherehani ya ngozi bila mteja, umempa deni. Halmashauri ikae na shule zake, ijue wanafunzi wa kila namba ni wangapi, iwape vikundi oda mwezi Agosti, na viatu viwe tayari Desemba. Wazazi walipe kidogo kidogo kuanzia Septemba badala ya kukabwa Januari. Na kiatu kikitengenezwa na mtu wa mtaani, kikibandukia mtaani kinarudi kwa aliyekishona.

Tatu, shule zilegeze masharti. Mtoto akiwa na kiatu kilichofunika na kinachomtosha, kiwe cheusi, cha kahawia au raba, aingie darasani. Hata ndala za kufunga nyuma ziruhusiwe kwenye maeneo ya joto. Hili halihitaji bajeti hata shilingi moja, ni waraka wa ukurasa mmoja. Nimesikia hoja kwamba sare inaficha umaskini, wote wanaonekana sawa. Naiheshimu. Ila mtoto aliyebaki nyumbani haonekani kabisa.

Nne, machinjio. Chumvi, visu vya kuchunia, mafunzo kwa wachunaji, na bei inayotofautisha ngozi safi na iliyotoboka. Hivi ni vitu vidogo ambavyo diwani anaweza kuvisimamia, havihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Tulishaona mkopo ulituletea nini.

Kazi ya wiki hii

Naomba kila kiongozi wa vijana ngazi ya kata afanye kitu kimoja. Nenda sokoni kwenu, andika bei tatu: kiatu kipya cha shule namba 32, cha mtumba namba hiyo hiyo, na cha fundi. Andika na bei ya ngozi machinjioni. Usiongeze chumvi, usipunguze, maana tukishika bei ya uongo watatuumbua. Ukisimama kwenye mkutano wa kijiji au mtaa na namba hizo nne, hakuna mtendaji atakayekwambia unaleta siasa za majukwaani. Mimi za Morogoro nimeshaanza kuziandika.

Binti yangu nilimtengenezea kwa yule mzee. Alikubali nilipe kwa awamu mbili, ya pili namalizia mwezi huu. Viatu ni vyeusi, vina nafasi ya kidole mbele, kisigino kimekaa. Ukucha wa zamani umedondoka, mwingine unaota chini yake. Juzi nilimuuliza kama vinauma. Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la ajabu, akaniambia, "Mama, mbona leo nimekuwa wa tatu kwenye mbio?"

Kamanda uliyenicheka, kikao kijacho narudi na ajenda yangu. Safari hii sitakaa chini.